Moto Chini ya Kitanda

Siku hizi wanatujia vijana wa miradi, wamevaa fulana za rangi moja, wanatukalisha kwenye viti vya plastiki na kutufundisha nishati safi. Jiko hili halina moshi, bibi. Tuktuk hii inakwenda kwa umeme wa jua, bibi, haichafui hewa. Mimi nasikiliza, nakunywa soda yao, nasema ahsanteni. Wakiniuliza kama nimeelewa, nawaambia nilielewa kabla nyinyi hamjazaliwa. Wanacheka, wakidhani ni mzaha wa kizee. Sijawahi kuwaeleza nilielewa vipi, kwa sababu habari yenyewe haisemeki kwenye mkutano wa soda.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, bendera bado mpya. Nilijifungua mtoto wangu wa kwanza, binti, katika nyumba ya mavyaa wangu, njia ya kutoka Msambweni kwenda Kikoneni. Mume wangu alikuwa amepata kibarua Diani, kwenye hoteli moja iliyokuwa ikijengwa ufukweni. Wiki nzima alilala huko, na Jumamosi jioni akirudi kwa baiskeli yake, magurudumu yamejaa udongo mwekundu. Kwa hiyo siku zote nyingine nyumba ilikuwa ya watu watatu: mimi, mtoto, na mama yake mume wangu.

Kwetu sisi mzazi hatoki nje mpaka arobaini iishe. Hilo nililijua tangu utotoni na sikuwa na neno nalo. Lakini pia mzazi halali kwenye baridi. Chini ya kitanda huwekwa kigae cha chungu kilichovunjika, ndani yake makaa, na moto ule hauzimwi usiku wala mchana. Husemwa mwili wa mzazi uko wazi, baridi ikiingia haitoki tena, na mtoto naye hukauka. Basi nikalala juu ya kitanda cha kamba, moto chini yangu, mlango umefungwa, na kidirisha chenyewe, kipana kama sahani, kimezibwa kwa gunia.

Nataka ieleweke kwamba mavyaa hakuwa mkatili. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa mikono, na alinipenda. Alinikanda kwa maji ya moto kila asubuhi mpaka nikamwita mwuaji, naye akacheka. Alinipikia uji wa pilipili manga na mchuzi wa kuku aliowachinja mwenyewe, kuku wake wa mayai, bila kujuta. Alfajiri nilikuwa nikimwamkia shikamoo nikiwa bado sijafumbua macho, naye yuko tayari amechutama anapuliza makaa, akinijibu marahaba mwanangu, umelalaje. Mtu wa namna hiyo utamgombezaje? Na mimi hasira nilizaliwa nazo.

Siku za mwanzo tulichoma vifuu vya nazi vilivyokauka vizuri, na moto wa vifuu, ukishawaka, hauna makuu. Lakini mwaka ule masika yalikuja na nguvu zake zote. Vifuu vikaisha. Kuni zikalowa, makumbi ya nazi yakalowa, hata makuti ya paani yakawa yanatiririka maji. Kuni kavu zilikuwapo, tena karibu, ndani ya msitu wa kaya, msitu mtakatifu wa mababu, zimejiangukia chini ya miti mikubwa ambako mvua haipenyi. Lakini nani angeingia kaya akatoa hata kijiti? Hakuna, na mpaka leo nasema afadhali, kwa maana ni miti ile tu iliyosalia. Basi mavyaa akawa anachoma makumbi mabichi. Yeyote aliyewahi kuchoma makumbi mabichi anajua: hayawaki wala hayazimiki, yanafuka tu, moshi mzito wa manjano unaokaa chumbani kama mgeni asiyeaga.

Chumba kile kilikuwa na hatua chache kutoka kitandani hadi mlangoni, na mimi sikuruhusiwa hata hizo. Macho yalinitoka maji mchana kutwa. Nilipojifunika kanga usoni nilikosa pumzi, nilipojifunua nilikunywa moshi. Na kila mwanamke aliyekuja kunipa hongera alikuwa askari wa gereza. Aliingia, akamtazama mtoto, akamwombea dua, kisha akainama kuchungulia chini ya kitanda kuona moto uko sawa. Nikisema jamani nisogezeeni lile gunia kidogo, wote walinitazama kama nimeomba sumu.

Halafu mtoto akaanza kukohoa.

Mwanzoni kilikuwa kikohozi kidogo, cha paka. Mavyaa alisikia kabla yangu. Akasema baridi imemwingia mjukuu wake, akaenda akaongeza moto. Kesho yake kikohozi kikazidi, naye akazidisha moto. Keshokutwa akaleta nguo kuukuu akaziba na nyufa za mlango. Nikamwambia mama, mimi naona ni moshi. Akaniuliza, kwa upole kabisa, ni nani nimjuaye aliyekufa kwa moshi. Yeye alikulia motoni, mamake alikulia motoni, na mume wangu alizaliwa juu ya kitanda kile kile. Sikio halipiti kichwa, akasema, na akarudi kupuliza.

Nikivuta gunia dirishani, analirudisha. Nikilivuta tena, analirudisha tena. Mwisho akamwita jirani akapigilia kipande cha ubao. Siku moja alipokwenda kisimani nikachukua kata ya maji nikauzima moto wote. Lo! Aliporudi akakuta chumba kiko baridi, alilia machozi, mama yule, akaenda kuwaita shangazi zake mume wangu, wakaja wakanizunguka kitandani. Wakasema mzazi huyu ameharibikiwa na akili, huenda amechezewa, asiachwe peke yake na mtoto. Tangu saa hiyo nilipewa mtu wa kunilinda. Moto ukawashwa upya, mkubwa kuliko wa kwanza. Nilijigeuzia ukutani nikasema moyoni, haya, dua la kuku halimpati mwewe.

Kufikia mwisho wa wiki mtoto hakuwa anakohoa tena. Hiyo ndiyo iliyonitisha. Alikuwa anapumua tu, haraka haraka, na kifua chake kikipiga mluzi. Akivuta pumzi, ngozi iliyo chini ya mbavu inazama ndani. Ziwa langu alikuwa akilishika na kuliachia. Mavyaa alisema tumshukuru Mungu, kikohozi kimekwisha, moto umefanya kazi.

Jumamosi nikasikia kengele ya baiskeli. Mume wangu aliketi ukumbini, maana katika arobaini hakuwa akilala kwangu, na kupitia ukutani nilimsikia akimsimulia mamake maajabu ya Diani. Alisema mzungu wa hoteli ameleta jiko la gesi, unawasha kiberiti tu, moto unatoka wa buluu, hauna moshi hata chembe, mpishi anapika amevaa nguo nyeupe na zinabaki nyeupe. Mavyaa alicheka sana. Akasema moto usio na moshi ni wa majini, binadamu hauwezi.

Nikamwita mume wangu. Nilimwita kwa sauti ambayo mke hamwiti nayo mumewe mbele ya mamake. Aliingia, akaanza kupepesa macho kwa moshi, akatafuta mahali pa kusimama. Nikamwambia weka sikio hapa. Akainama juu ya kifua cha mwanawe akakaa hapo muda mrefu. Alipoinuka uso ulikuwa umebadilika, lakini alichosema ni kwamba tumwulize mama.

"Mamako nimemwuliza wiki nzima," nikamwambia. "Sasa nakuuliza wewe. Kesho unipeleke hospitali Msambweni, ama nitakwenda kwa miguu yangu, mzazi mbichi, na watu wote waniangalie."

Alikuwa mwanamume aliyemwogopa mamake kuliko nyoka, na sikumlaumu, mimi mwenyewe nilimwogopa. Alitoka, na mimi nikabaki na sikio kwenye kifua cha mtoto, nahesabu kila pumzi nikidhani ndiyo ya mwisho.

Asubuhi nilisikia anaijaza upepo baiskeli.

Mavyaa alisimama mlangoni mwa chumba, mikono imeshika miimo huku na huku. Alisema arobaini haijaisha. Alisema upepo utamwua mtoto kabla hatujafika mtoni. Alisema tangu dunia iumbwe hajaona mwanamke wa nyumba ile akitolewa kwenye uzazi juu ya baiskeli, tena Jumapili, njia imejaa watu. Mume wangu alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akasema, "Mama, nipishe." Sidhani kama alikuwa amewahi kumwambia hivyo maishani mwake. Mavyaa alimtazama, akashusha mkono mmoja, halafu wa pili. Nilipopita mbele yake nilingoja laana. Alivua kanga yake mwenyewe ya mabegani akanifunika nayo mimi na mtoto, akaikaza vizuri shingoni ili upepo usipenye.

Nikapanda nyuma, kwenye keria, miguu upande mmoja, mtoto kifuani ndani ya buibui. Basi la njia ile, ambalo lilikuwa ndilo gari pekee, tulilikuta limezama kwenye matope mpaka mihimili, abiria wamekunja suruali wanalisukuma, nalo linatoa moshi mweusi na haliendi popote. Mume wangu alishuka, akainyanyua baiskeli begani huku mimi nikimfuata peku, tukalipita pembeni, tukapanda tena. Wanawake walioniona walijishika midomo. Mmoja alinijua akasema astaghafirullah, mzazi huyu. Nilitamani kumjibu lakini nilikuwa nakunywa hewa. Hewa ya mvua, baridi, haina harufu ya chochote. Nililegeza kanga kidogo ili mtoto naye apate. Niliogopa, wallahi niliogopa, maana kama ni kweli maneno ya mavyaa, basi ndio namwua kwa mkono wangu. Kila kilima nilimwekea kidole puani kuona kama bado anapumua.

Pale hospitali nesi alikuwa mwanamke wa bara, mkavu wa maneno. Alimpokea mtoto, na kabla hajamfungua nguo alimnusa kichwa. Akaninusa na mimi.

"Mnamkausha huyu kama samaki?" akauliza.

Akasema ni nimonia, na mapafu yamejaa moshi, na tungechelewa kidogo asingekuwa na la kufanya. Akampiga sindano, akatulaza kitanda cha karibu na dirisha. Dirisha lenyewe lilikuwa kubwa, halina gunia, lina vibao viwili vya kusukuma nje. Usiku ule sikulala. Alfajiri mtoto akashika ziwa, akalivuta, akaendelea kulivuta. Nililia mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaniuliza kama nimefiwa.

Mchana wake mavyaa akaingia wodini. Alikuwa amekuja kwa miguu, njia nzima, matope mpaka magotini, amebeba kapu kichwani. Nilimwamkia, akaitika, hakunitupia neno baya. Alimtazama mtoto, akamshukuru Mungu kuwa yu hai. Kisha akatua kapu, akatoa kigae, akatoa vifuu vikavu ambavyo sijui alivipata kwa kuzunguka nyumba ngapi, akatoa kiberiti, akapiga magoti kwenye saruji na kuanza kupanga moto chini ya kitanda cha hospitali.

Nesi alikuja mbio. Nilitaraji atamfokea, lakini alipoona umri wa mama yule alichuchumaa karibu naye, wakawa sawasawa, akamweleza taratibu. Alimweleza kwamba mtoto mchanga kifua chake ni kidogo, kwamba si baridi iliyomwingia, ni moshi, na kadiri moto unavyoongezwa ndivyo anavyozidi kuzibwa pumzi. Akamwambia kikohozi kikikoma kabla mtoto hajapata nguvu, si kwamba amepona. Mavyaa alisikiliza akiwa amekishika kigae kwa mikono miwili. Hakubisha hata mara moja, na mimi niliyekuwa nikingoja kwa hamu aumbuliwe sikuona raha yoyote.

Nesi alipoondoka, mavyaa alikaa sakafuni, mgongo kwenye mguu wa kitanda. Akaliangalia tumbo la mtoto likipanda na kushuka. Kisha akaniuliza, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, "Na wale wangu watatu?"

Sikujua habari ya watatu. Mume wangu alikuwa mwana wa pekee, nami nilidhani ndivyo Mungu alivyompimia mamake. Ndipo akanieleza, bila kunitazama. Wawili walimtangulia mume wangu, mmoja alimfuata. Wote walizaliwa masika, wote walianza na kikohozi cha paka, na hakuna aliyefika arobaini. Kila mara alijilaumu kwamba moto haukutosha. Kwa wa tatu, alisema, hakulala kabisa.

Mimi mwenye ulimi wa kila jambo nikasema lile linalosemwa. "Ilikuwa kudura ya Mungu, mama."

"Usinidanganye, mwanangu," akasema. "Kudura ya Mungu haikutia kuni. Kuni nilizitia mimi."

Akainuka kwa kushika kitanda, akaenda dirishani. Lilikuwa wazi tangu asubuhi, vibao vyote viwili vimefika mwisho. Akaweka viganja juu ya vile vibao, akavisukuma nje, vifunguke zaidi.