Mkaguzi Aliyeomba Maji

Nimejua kwa simu, tena nilipiga mimi mwenyewe. Mke wangu na watoto walikuwa wameshapanda kwetu mlimani, Kibosho, kwa Krismasi, nami nimebaki mjini peke yangu kumsubiri mkaguzi wa nyumba, kama ninavyofanya kila mwaka. Siku ya tatu hajatokea, nikaulizia ofisini kwao. Binti aliyepokea akasema, "Mzee alifariki, tulimsafirisha mwezi uliopita, kwao Tabora." Nikamuuliza sasa anakagua nani. "Bado hajapangwa mtu, baba."

Wasomaji wangu mnanijua, sijifichi. Nimeishia darasa la saba, nimebeba zege la watu, na leo nina vyumba kumi na viwili Njoro, vigae mpaka chooni. Wenye digrii wananipangia foleni. Ila kiwanja nilipewa na serikali kwa sharti: vyumba sita vikae kodi nafuu, kwa vibarua wa viwandani wasio na kwao hapa. Mimi nikajiona mjanja. Kwenye fomu nikajaza majina ya vibarua, vyumbani nikaweka shemeji zangu na wapwa. Nani angejua?

Mwaka wa kwanza mkaguzi akaja wiki ya Krismasi, mwembamba, viatu vimejaa vumbi. "Shikamoo mzee," nikamwambia. "Marahaba, tajiri. Nimekuja kunywa maji kwa wapangaji wako." Ndivyo alivyokagua: anabisha hodi, anaomba maji, anakaa, anapiga soga. Siku hiyo alikuta makufuli sita.

"Wako wapi?"

"Wamepanda mlimani, mzee. Sikukuu."

Akafungua fomu yangu, akasoma taratibu. "Huyu wa Singida naye kapanda? Na huyu wa Kigoma?"

"Wote, mzee."

"Kumbe siku hizi Wanyaturu nao wana vihamba vya mababu zao Kibosho," akasema, akaketi kwenye ngazi yangu akicheka mpaka akakohoa. Mchagga mzima nimeumbuliwa na Krismasi. Hakunishtaki. Alinipa hadi Pasaka niwatoe ndugu zangu, niwaingize vibarua wa kweli, na Pasaka akarudi na kiu yake. Tangu hapo akawa anakuja kila mwaka, wiki ya Krismasi. Siku moja nilimuuliza mbona yeye haendi kwao. "Kwetu wamebaki makaburi," akajibu. "Hapa angalau nina milango ya kubisha."

Juzi dalali ameniletea wapangaji waongoza watalii, wenye pesa zao. "Bosi, mzee hayupo. Hao vibarua wape notisi, nani atauliza?" Sikumjibu palepale, na nasema kweli, nilianza kuviona vyumba vile kwa macho mengine. Maneno yakatoka nje ya geti kabla yangu. Jioni mama wa chumba cha kwanza, Mnyaturu anayefungasha mizigo kiwandani, akanifuata. "Baba, kama tunahama tuambie mapema. Mwanangu mwakani yuko darasa la mtihani."

Nikaingia ndani nikakaa. Nimejenga nyumba kubwa, na wiki nzima hakuna aliyenibishia hodi ila dalali. Nikamfikiria yule mzee. Sharti la serikali lilikuwa karatasi tu, nami karatasi niliiweza. Sikumweza mtu aliyekuja kwa miguu na kuwajua wapangaji wangu kwa sura.

Asubuhi nikampigia dalali asirudi tena. Halafu nikabisha mlango wa kwanza. Mama akafungua, uso umemshuka, akijua nimeleta notisi. "Naomba maji," nikasema. Akatoa kikombe cha bati juu ya kabati. "Hiki ni cha mzee," akasema, akakijaza. Nikanywa, nikaenda mlango wa pili.

Lakini msiniachie kazi hii, maana mwenye nyumba hawezi kujikagua. Mimi mwenyewe nilichelewa kumjibu dalali usiku mzima. Nyie wa ofisini, mkipata mtu mwingine, msimpe gari wala mafaili mengi. Mleteni akiwa na kiu.