Wimbo wa Mwenye Kabuti

Nilikuwa nimekwenda Chemchem, mtaa nilikokulia, kuhani msiba, na nikakaa siku chache zaidi kwa sababu nyumba ya wafiwa ilikuwa imepoa ghafla. Asubuhi moja binti wa jirani alikuwa akiosha vyombo uani huku akiimba. Mwanzoni sikusikiliza. Kisha maneno yakanifikia, nikakiweka kikombe chini. Ulikuwa wimbo ambao bibi yangu alimtungia baba. Kilichonishtua zaidi, ndugu yangu, ni kwamba binti aliuimba mpaka mwisho. Wimbo ule haukuwa na mwisho.

Nikueleze ulivyotungwa, maana bibi yangu hakutunga kama watu wanavyodhani, kwamba mtu anakaa tu na wimbo unamshukia. Yeye alikuwa na utaratibu wake. Aliupata kwa baba yake, mpagazi aliyebeba mizigo kwenye njia ya misafara mpaka pwani. Wapagazi waliimba njia nzima, na waliporudi, waliobaki nyumbani waliwapokea kwa wimbo unaouliza swali. Aliyerudi ndiye aliyejibu. Bibi alisema, "Mwenye safari ndiye mwenye neno la mwisho."

Enzi za Mwingereza misafara ilikuwa imekwisha. Wanaume walipanda treni kwenda kukata mkonge, na baba alikwenda nao. Alipokuwa akiondoka, aligeuka mlangoni akasema, "Msinimalizie matobolwa yangu." Alipenda sana vile viazi vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa. Alivitafuna vikavu hivyo hivyo na karanga, na alianza kucheka kabla hajamaliza kusimulia jambo. Kila mtu alimjua kwa kabuti lake la kijeshi, zito, lenye kifungo kimoja cha mfupa alichokishona mwenyewe.

Salamu zilipokuja kwa mdomo wa msafiri kwamba atarudi baada ya mavuno, bibi akaanza kazi. Kwanza aliokota. Alizunguka akiuliza kila mtu: ukimkumbuka unaona nini? Aliyesema "alikuwa mtu mwema" aliambiwa akafikiri tena. "Wema wanao wengi," bibi alisema. "Nipe kitu chake."

Kisha alitwanga. Maneno aliyaimba kinuni, yeye na mama na jirani yetu, michi mitatu ikipokezana, unga wa mtama ukiwapanda mikononi. Neno lililochelewesha mchi lilitupwa.

"Weka na meno yake," jirani alisema siku moja. "Kijana ana meno mazuri yule!"

"Meno yake utayaona mwenyewe akishuka. Twanga."

"Mama mkwe ana wivu kuliko mke!" jirani akasema, na mama akacheka mpaka mchi ukamponyoka.

Mwisho alipepeta, na ungo wake ulikuwa mimi. Jioni aliniimbia mara moja tu, kisha akaniacha nilale. Asubuhi, kabla sijanawa uso, aliniuliza nimebakiwa na nini. Nilichosahau kilikuwa pumba. Hivyo mstari juu ya ng'ombe ulipotea, na mwingine juu ya mvua, ingawa huo yeye aliupenda. Nilimwona akiusikitikia, lakini hakuurudisha. Ikabaki mistari hii:

*Mwenye kabuti, njia ya pwani ni ndefu,*
*Matobolwa yako yamo chunguni,*
*Mkeo hajafunga mlango,*
*Sema, umerudi na nini?*

Baada ya hapo aliacha nafasi. Michi ilipiga peke yake, bila sauti ya mtu, kisha wimbo ukaanza upya. Nafasi ile ilikuwa ya baba. Nilijaribu kuijaza siku moja, bibi akanitazama, nikanyamaza.

Tulikwenda stesheni asubuhi ya kipupwe. Baridi ilikuwa kali. Mama alikuwa amejipaka mafuta mpaka anang'aa, na mimi nilishika kikapu cha matobolwa. Treni iliposimama, kabuti likatokea mlangoni, kola imepandishwa, kofia imeshuka usoni. Jirani ndiye aliyeanza. Wanawake wote wakapokea kwa vigelegele, na mimi nikaimba kwa nguvu zangu zote. Tukafika kwenye swali. Tukanyamaza, kama tulivyofundishwa, tungoje sauti yake.

Mtu yule alisimama kwenye ngazi. Kisha akavua kofia.

"Shikamoo, mama," alimwambia bibi. "Mimi si yeye."

Alikuwa rafiki yake. Baba alikufa kwa homa, wakamzika huko huko mkongeni. Rafiki alikuwa akituletea kabuti na kifurushi, na kwa baridi ya usiku kwenye behewa alilivaa. Hakujua tumetunga wimbo. Mama alikaa chini pale pale kwenye mawe. Mimi niliendelea kutazama mlango wa behewa nyuma yake. Nilijiambia kwamba huyu anaweza kuwa amelivaa kabuti na baba bado anashuka.

Bibi hakulia. Aliuliza jambo ambalo mpaka leo linanishangaza: "Alikuachia neno gani la kuitikia?"

"Hakusema neno, mama. Homa ilimzidi."

Bibi akaitikia kwa kichwa, akachukua kifurushi. Ndani mlikuwa na doti moja ya khanga ya mama, basi.

Matanga yalipokwisha, jirani alitaka wamalizie wimbo. Mtu ataimbaje kitu kisicho na mwisho? Bibi alikataa. "Wa kuumaliza amelala mkongeni." Waliendelea kuutwangia, mwaka baada ya mwaka, na kila walipofika kwenye swali, michi ilipiga peke yake. Nilikua nikimsikia baba pale. Hakuwa na kaburi tulilolijua. Alikuwa na nafasi ile.

Bibi akafa, mama akafa, na jirani naye, ambaye mjukuu wake ndiye binti huyu aliyeosha vyombo. Nilimwomba aimbe tena. Alifika kwenye swali, akajibu kwa furaha: *Nimerudi na khanga, nimerudi na sukari!*

"Hapo umepata wapi?"

"Tumetia wenyewe, bibi. Tunauimba harusini. Marehemu bibi yetu alituachia una tundu. Tumekosea?"

Hakuna aliyemwambia habari ya khanga.

"Khanga ilirudi, mjukuu wangu," nilisema. "Mwenyewe hakurudi."

Nikamweleza yote. Alikaa na sufuria mapajani, povu likikauka mikononi.

"Sasa pale tuimbe nini?"

"Msiimbe. Mwache mchi upige."

"Lakini bibi," alisema taratibu, "siku hizi nani anatwanga?"

Mtaa wa pili mashine ya kusaga ilikuwa ikiunguruma tangu alfajiri. Niliisikiliza, nikitafuta mahali inapopumua kati ya pigo na pigo. Haipumui.