Mama Akeyo Anapelekwa Kwake

Harufu ya mgongo wazi ukikaangwa, ile mifupa ya mbuta inayobaki minofu ikishaenda kiwandani, hunirudisha ufuoni Dunga, kwenye meza ya samaki ya Mama. Chini ya meza hiyo alilala Mama Akeyo. Akeyo mwenyewe hatukuwahi kumwona. Nilikuwa na miaka tisa na mdomo usiojua kufungwa, na kila jioni nilimpelekea kichwa cha samaki. Alikinyonya taratibu, hadi macho.

Wakaangaji wenzake Mama hawakuwa na roho mbaya, naomba mniamini. Ila kwetu hakuna mtu asiye na dala, na dala ya mwanamke ni boma la mumewe.

"Mtu ako na dala halafu analala kwa meza ya samaki?" Mama alisema. "Hiyo ni aibu yetu."

Shida ni kwamba hakuna aliyejua dala hiyo iko wapi. Nilijua mimi. Mama Akeyo alikuwa ameniambia: Sondu, ng'ambo ya daraja, karibu na mashine ya kusaga.

"Mzee wangu alipokufa, shemeji zangu walinipiga wakanifukuza. Nikirudi wataniua. Usiambie mtu, nyathina." Yaani mwanangu.

Nikamwambia Mama. Nilitaja Sondu, nikataja mashine. Habari za mashemeji nilizimeza, maana Mama alikuwa ameshaanza kunisifu mbele ya watu, na kwetu sifa zilikuwa adimu kuliko nyama.

Jumamosi walimwogesha, wakamvika leso mpya, wakamvuta kwenye pikapu ya samaki. Akashika mguu wa meza. Walibandua vidole vyake kimoja kimoja, wakicheka kwa upole, kama wanaomnywesha mtoto dawa.

"Mama, si unaenda kwako? Unalia nini?"

Alinitazama mimi. Nikampungia mkono.

Haikupita miezi miwili, dereva wa pikapu akaleta habari za mazishi. Eti aliteleza mtoni. Tulienda sote na sare za kanisa. Mashemeji walichinja ng'ombe, wakalia kwa sauti kubwa, wakatushukuru kwa kumrudisha. Mama alirudi ameridhika.

"Angalau amezikwa kwake," alisema.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba chini ya meza ile alikuwa amejificha, na kwamba tulikuwa tumemkabidhi. Watu wakiniuliza leo wawasaidie vipi wanaolala kwenye veranda za mjini, nawaambia wawaulize wenyewe kwanza wanaogopa nini. Wananiona nina hekima. Nyama ya mazishi yale niliila, wasomaji wangu, na nikaomba niongezewe.