Kilio cha Mtu Aliye Hai

Mimi ni mtu wa kujisifu, na ninalisema mapema ili msomaji asije akanihurumia bure. Katika kanisa letu la Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, ni mimi peke yangu niliyejua kuendesha tovuti, na sikumruhusu mtu asahau. Ilikuwa tovuti ndogo ya sisi watu wa Kivu ya Kusini, Kongo: arusi, watoto waliozaliwa, habari za mashamba, na zaidi ya yote matangazo ya vilio. Niliitengeneza hivi kwamba tangazo likipanda tu, linaingia papo hapo kwenye kundi letu la wasapu, na watu wanajua mpaka Rugaaga. Mchungaji aliniita injinia mbele ya waumini wote, nami nikainama kama mtu mnyenyekevu.

Kwetu habari ya kifo haiulizwi kwa simu. Kumpigia mfiwa na kumwuliza kama ni kweli ni kumlazimisha amzike mtu wake kwa mdomo wake mwenyewe. Ukisikia, unafunga kitenge kiunoni, unachukua unga au makaa, unakwenda. Hata simu ya mfiwa majirani huichukua na kuiweka mbali, ili alie bila kusumbuliwa. Tulikimbia vita tukiwa na vitu vichache sana, lakini desturi hiyo tulifika nayo nzima.

Sasa, programu inayoendesha tovuti ilikuwa imezeeka. Kila nilipoifungua ilinisihi niipandishe toleo jipya. Mtandao wa Nakivale hauwezi kazi hiyo, kwa hiyo nilikwenda Mbarara, kwenye duka la intaneti la mwanajeshi mstaafu, Mganda mwenye sauti ya gwaride. Kabla ya kuanza, programu iliniuliza kama nimeweka nakala ya kila kitu. Palikuwa na kisanduku cha kutia alama. Kuweka nakala kungekula asubuhi yote, nami nilikuwa nimemwahidi mchungaji kwamba ataona tovuti mpya kabla ya chakula.

"Nyabo, umeweka bakapu?" mwenye duka aliniuliza kutoka mezani kwake, akiniita bibi kwa lugha yao. "Hiyo kitu haiko na huruma."

"Nimeisha kuweka," nikamjibu, na nikatia alama. Nilimdanganya yeye na mashine kwa pamoja. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kioo kikawa cheupe kabisa. Kiliporudi, herufi zilikuwa zimevunjika na picha za maarusi zimeangukia kwenye habari za mihogo. Simu ikaanza kulia. Wa kwanza aliuliza tovuti ina nini, wa pili akaniambia pole kwa sauti ya mtu anayezuia kicheko. Nilipoona namba ya mchungaji, niliizima simu. Nilimwambia mwenye duka kwamba betri imekwisha. Ukweli ni kwamba sikutaka kusikika nikisema sijui.

Wakati mimi nahangaika na herufi, lililo baya zaidi lilikuwa limeshatokea na sikuliona. Kuna matangazo ya zamani niliyokuwa nimeyaficha badala ya kuyafuta. Toleo jipya halikuitambua alama yangu ya kufichia. Likayafungua yote, likayapa tarehe ya siku ile, likayatuma kwenye kundi moja baada ya jingine. Mengi hayakumdhuru mtu: arusi iliyoahirishwa, mbuzi aliyepotelea njia ya Endiinzi. Moja lilikuwa la kilio.

Lilimhusu mtoto wa mama mmoja mzee, jirani yangu. Tulipokimbia, kijana huyo alipotea njiani, na baadaye wageni waliofika kituo cha mapokezi cha Kabazana walituambia ameuawa. Nilipandisha tangazo na picha yake, tukalia bila maiti, mama yake akanyoa nywele. Kisha siku moja mtu mwembamba akashuka Kabazana na kumtaja mama yake kwa jina. Alikuwa yeye. Tukaimba mpaka sauti zikakauka. Mimi nikalificha lile tangazo, nikasahau. Yeye sasa alikuwa seremala hapo hapo Mbarara, na kila mwisho wa mwezi alikwenda kumwona mama yake.

Ndiye aliyeingia dukani, ambako alijua hunikuta nikija mjini, vumbi la mbao likiwa bado kichwani.

"Dada," akasema, "mimi nimekufa leo?"

Alininyoshea simu. Ilikuwa picha yake, na msalaba niliouweka mwenyewe juu ya jina. Nikacheka. Nina aibu kwa mengi ya siku ile, lakini hakuna kinachonichoma kama kile kicheko.

"Simu yako haipatikane," akasema. "Na mama nimemupigia mingi. Hapokee."

Hapo kicheko kikaniishia. Wote wawili tulijua kwa nini mama hapokei simu.

Tulikodi pikipiki. Niliiwasha simu, na njia nzima nilipigia majirani, na wale waliopokea walikuwa mashambani, hawakujua lolote. Kijana hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Tulisikia kilio kabla ya kuiona nyumba. Uani kulikuwa na wanawake wengi, sufuria zimeshapandishwa motoni, na mama ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyosha, kichwa wazi. Hakuwa analia tena. Kijana alipopita katikati ya watu, wengine walipiga kelele na kukimbia. Mama hakukimbia. Alimshika uso, akaupapasa polepole, masikio, kidevu, shingo. Kisha akanitazama mimi.

"Mara ya kwanza ilikuwa vita, binti yangu," akasema. "Hii ya leo ni ya nini?"

Ningemwambia nini, kwamba ni toleo jipya? Kwamba nilikuwa na haraka ya kusifiwa?

Watu walikula ule ugali wa kilio wakicheka, maana unga ulikuwa umeshapikwa. Kwa muda mrefu walinitania kwamba nikimkasirikia mtu ninampandisha kwenye tovuti. Mama mwenyewe alinisamehe upesi, akaendelea kuniletea maharage. Nikadhani yamekwisha.

Mvua za mwaka uliofuata, kifua kilimbana mama, akafariki. Mwanawe alifika alfajiri na kuniomba niandike tangazo. Niliweka nakala ya kila kitu, nikaihakikisha, ndipo nikaandika jina la mama. Nikaenda kuketi uani pamoja naye, nikingoja watu.

Hawakuja. Uani tulikuwa majirani wachache tuliomwona maiti kwa macho. Badala ya unga na makaa, ilikuja simu. Kijana akaiweka sikioni.

"Ndiyo," akasema. "Ni kweli."

Ikalia nyingine, ya mtu wa Rugaaga. Sauti ilitoka wazi, nikasikia swali lote: "Ni kweli, ao ni ile mashine tena?"

"Hapana, si mashine. Mama amekufa."

Kisha nyingine. Kila mara ilimbidi aseme neno lile lile, na kila mara lilimtoka kwa shida zaidi. Sikuweza kuvumilia. Nikanyosha mkono kuichukua ile simu, kama jirani anavyopaswa kumfanyia mfiwa.

Aliivuta karibu na kifua.

"Acha tu, dada," akasema. "Nisipojibu, batu habatakuya."