Fundi aliziba mwanya wa injini, tukaanza kuiva juu ya msitu wa Kakamega

Wakuu, habari za mchana. Haya sikusimuliwa, yamenipata mwenyewe wiki iliyopita.

Mjomba wangu ni rubani mstaafu, yuko Lumakanda. Ana kindege cha zamani cha watu wawili, injini yake ni ya silinda zilizopangwa kwa duara.

Kwa wasiojua: ndege za mwanzo injini zilikaa uchi. Upepo ulizipoza vizuri, lakini pia ulizigonga na kuirudisha ndege nyuma. Ndiyo watu wakabuni bonneti ya duara ya kuzifunika. Hewa inaingia mbele, inapita kwenye silinda, inatokea mwanya wa nyuma. Spidi inapanda na injini inapoa.

Bonneti ya mjomba ilikuwa imechoka. Akampa kazi fundi wa Matete, bingwa wa matangi ya maji.

Jamaa kuona ule mwanya, akauziba wote kwa bati na ribiti. Tangi gani linaachwa wazi?

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," akatuambia.

Mjomba, na urubani wake wote, macho yalikuwa kwa rangi mpya ya bonneti. Mimi nikapiga picha. Hakuna aliyeuliza hewa itatokea wapi.

Tukaruka. Mwanzoni raha tupu, kindege kilikimbia kuliko zamani, mjomba anacheka peke yake.

Tulipofika juu ya msitu, upande wa Buyangu, nikasikia harufu ya oili inayoungua. Geji ya joto ilikuwa imeingia kwenye nyekundu.

"Khotsa, hii sindano inapandanga hivi?" nikamuuliza mjomba.

Akaigonga geji kwa kidole, sindano haikushuka. 

Akapunguza moto wa injini, kisha akainamisha pua. Kuelekea kwenye miti!

Nikapiga kelele. "Nyamaza!" akasema. "Tukipanda tutaiua. Inataka upepo."

Wakuu, niliogopa kufa. Niliona matawi moja moja. Nikaomba kwa Kiluhya, Kiswahili kilinitoroka. Injini ikaanza kukohoa, na chini hakuna hata uwanja wa mbuzi.

Msitu ulipoisha tukakuta shamba la miwa iliyokatwa. Tukashuka humo, visiki vikitupigapiga hadi meno yakagongana.

Mjomba akabaki amekaa, macho mbele. Nikadhani anakagua injini. Kumbe vidole vyake vilikuwa vinakosa kifungo cha mkanda, ameshindwa kuufungua. Nikamfungulia mimi.

Nilichojifunza: kitu usichokijua, uliza kazi yake kabla hujakirekebisha. Na kazi ikipendeza sana, ikague mara mbili.

Lile bati limeshang'olewa. Injini imefunguliwa, imekaguliwa, iko sawa. Jana mjomba amepiga simu, anataka turuke tena, anasema peke yake hawezi.

Nimemwambia ndiyo. Lakini naogopa.

Nyinyi mngepanda? Msinifariji, semeni ukweli.