Mchawi Aliyekohoa

Babu wa baba yangu alikuwa mchawi. Sisemi hivyo kwa kujigamba. Kata nzima ya Ikuti inajua, na hata walimu na wauguzi wanaohamishiwa huku huambiwa habari zake kabla hawajaonyeshwa duka la vocha. Katika masimulizi ya wazee alikuwa mtu wa kuita mvua, sifa ambayo mpaka leo sijaielewa, maana huku kwetu mvua haijawahi kungoja kuitwa. Kisha igizo la kanisani likamvisha pembe na mkia. Miaka ya karibuni, vijana wanaotembeza wageni Tukuyu wamemfanya mtunza mazingira aliyekataza watu kukata miti. Marehemu anapandishwa cheo bila kuhudhuria kikao hata kimoja.

Mimi pia nimo. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na nilipotakiwa kuandaa igizo la kufunga shule, nilimwandika yeye. Nilimpa macho mekundu, ndevu hadi kitovuni, na tabia ya kuwatokea watu ghafla kwa nyuma. Makofi yalipigwa, mkuu wa shule akanipongeza, nami nikavimba kichwa wiki nzima.

Aliyeumia ni bibi yangu. Bibi aliolewa na mtoto wa huyo mchawi, na ndiye mtu pekee aliye hai aliyeishi naye ua mmoja. Kabla ya igizo, wanafunzi wa jirani walikuwa wakimletea maji, kisha wanakaa jikoni kwake kula ndizi za kuchoma. Baada ya igizo, waliacha ndoo mwanzo wa migomba na kutimua mbio. Baadaye hata ndoo hazikuja. Bibi ana zaidi ya miaka themanini na magoti yake hayataki mteremko wa bombani. Nikawa nampelekea maji mwenyewe, na kila ndoo ilinitia aibu. Hakunilaumu. Aliuliza tu watoto wanaumwa nini siku hizi.

Ndipo akaja kijana mtengeneza filamu kutoka Mbeya. Alikuwa amesoma igizo langu na alitaka kulifanya filamu. Nilimpa sharti moja, kwamba kwanza amsikilize bibi, apate habari za mtu mwenyewe. Nilidhani nimepata njia ya kusafisha nilipochafua. Kijana akatega kamera, akamuuliza kwa adabu baba mkwe wake alikuwa na sura gani.

"Sijui," bibi akasema. "Sikumwona."

Kijana alinitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi mgonjwa. Ilibidi nimweleze, mimi niliyepaswa kulikumbuka hilo kabla sijaandika hata mstari mmoja. Kwetu zamani mke hakumtazama baba mkwe usoni. Hakupita njia yake wala kukaa naye chumba kimoja. Akimsikia anakuja, alijifunika au kuingia ndani. Miaka kumi na miwili ua mmoja, na bibi alimjua mzee kwa nyayo na kwa kikohozi tu.

Maana mzee alikuwa akikohoa makusudi. Bibi alieleza taratibu kwamba mzee alianzia kwenye mgomba wa kwanza, akasimama hapo mpaka asikie mlango wa jiko umefungwa. Siku moja bibi alikuwa na mimba kubwa ya baba yangu, hawezi kuharakisha, na mvua inanyesha. Mzee alikohoa muda mrefu sana siku hiyo.

"Alinisubiri," bibi akasema. "Alilowa kabisa."

Kijana akashukuru, akazima kamera. Tukiwa njiani aliniambia kwamba ni habari nzuri, ila haitishi.

Filamu ilionyeshwa Jumamosi mchana katika ukumbi wa kata, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Nilimketisha bibi mbele, karibu na watoto. Ngoma zilipolia na mtu kwenye filamu akanong'ona kwamba mchawi anakuja, bibi alivuta kanga, akafunika uso na kuinama. Mama mmoja nyuma yangu akamwambia mwenzake kwamba hata mkwe wake bado anamwogopa. Nilitamani kusimama nieleze heshima ni nini, lakini aliyewafundisha kuogopa ni mimi, tena kwa ufanisi. Mchawi akatokea ghafla na yale macho yangu mekundu, watoto wakapiga yowe. Bibi alikuwa bado ameinama, anasikiliza. Kisha akashusha kanga, akainua uso, akamkazia macho mbele ya kata nzima.

"Huyo siye," akasema kwa sauti ya kawaida. "Hajakohoa."

Watoto waligeuka. Mmoja akauliza mchawi akohoe kwa nini, na bibi akawasimulia yote, na mgomba, na mvua, na mlango wa jiko, filamu ikiendelea bila wao. Mimi nililia, na kwa bahati palikuwa na giza.

Kijana wa Mbeya ameniarifu kwamba katika sehemu ya pili mchawi atakohoa, na kila akikohoa mtu atakufa. Amechelewa. Watoto wameshakifanya kikohozi mchezo wao: wanafika na ndoo kwenye mgomba wa kwanza, wanasimama, wanakohoa kwa zamu na kungoja. Bibi huko ndani anajitanda kanga haraka kama mke mpya, halafu anawaita waingie. Juzi mimi nilipitiliza moja kwa moja hadi jikoni. Alinirudisha mpaka kwenye mgomba.