Picha Aliyoikata Bi Zuhura

Siku ile naikumbuka vyema, mwanangu, hasa nikikuona unavyoing'ang'ania hiyo kamera yako. Nilikuwa kijana, maringo tele, nafanya kazi studio kwa Bi Zuhura, hapa hapa mtaani Kuze. Wallahi sijaona mpiga picha kama mama yule. Wazee wa Kigiriama walimwita huko bara awapigie picha za msitu wao wa kaya, msitu mtakatifu wa mababu zao, maana kampuni moja ya kuchimba mawe ilidai msitu hauna mwenyewe. Kesi ilikuwa mahakamani, na wazee hawakuwa na karatasi.

Tulipofika tulivua viatu, tukaambiwa tusipige picha vigango. Hivyo ni nguzo za kuchonga, husimamishwa kuwakumbuka wazee waliokufa, na wezi huving'oa wakaviuza. Mie nikajibanza nyuma, nikapiga. Jua la asubuhi, njia, nguzo tatu. Nikajiona bingwa.

Sasa, Bi Zuhura alikuwa na desturi yake: picha haitoki mpaka wenyewe waione. Basi Mzee Karisa, mkubwa wa kaya, alivuka daraja la Makupa na wenzake kuingia mjini, wakaja studio. Walipofika kwenye picha yangu mzee aliifuata ile njia kwa kidole mpaka kwenye nguzo. Kisha akasema, "Mwizi akiwa na hii, hana haja ya kuuliza njia."

Nilinywea. Nikajitetea kwamba magazeti yangeigombania. Bi Zuhura alichukua mkasi, akakikata kipande kile cha filamu, akamkabidhi mzee pamoja na picha. Na ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote, mwanangu! Hakusita hata kidogo.

Mzee Karisa akavifunga kwenye pindo la shuka lake. Akasema, "Kesho njoo, mama. Nitakuonyesha mawe ya mpaka."

Mawe hayo yaliwekwa na babu zao, na hakuna mgeni aliyewahi kuonyeshwa. Picha Bi Zuhura alizopiga za mawe yale ndizo zilizosimama mahakamani kuwa ushahidi, na msitu upo mpaka leo, alhamdulillahi. Mie sikuchukuliwa. Nilibaki Kuze nikifagia studio, na nilistahili.

Basi kesho unapokwenda kwa watu, ukiambiwa usipige, usipige. Ulizopiga, waonyeshe wenyewe kabla ya mtu mwingine yeyote, na wakikwambia futa, futa mbele yao. Mola akupe jicho zuri, mwanangu, na akupe mkono kama wa Bi Zuhura siku ile aliposhika mkasi.